Nyimbo za kwaya za mahafali: mlizichaguaje? Tupeane uzoefu

Mwalimu wa Kilifi

Hamjambo wote. Mimi ni mwalimu wa sekondari msingi huku Kilifi. Mwaka 2025 nilikabidhiwa kwaya ya Gredi ya 9, lile darasa la kwanza kabisa la mtaala mpya kufika gredi hiyo Kenya nzima, nikaambiwa niandae nyimbo tatu za mahafali. Sikuwa na pa kuchungulia. Darasa la nane la zamani lilikuwa na nyimbo zake zilizozoeleka, na kidato cha nne wana zao. Gredi ya 9 hakuna aliyewahi kuwaaga.

Tena watoto hawa walisomea ndani ya uwanja wa shule ya msingi miaka yote mitatu, tangu 2023. Walikuwa wanaagwa chini ya mwembe uleule waliochezea wakiwa wadogo. Nyimbo za kitoto za kwaheri zingewavunjia heshima mbele ya wadogo zao. Zile za wakubwa, za kuingia ulimwenguni kutafuta riziki, haziwahusu bado. Wana miaka 14 na 15, wanakwenda Gredi ya 10.

Kwa hiyo nikafanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Nilichukua wimbo wa kwaya ya watu wazima, wa sauti nne, ninaoupenda mno, nikauchukua na ki yake, yaani kimo cha sauti cha wimbo, ileile ya kwenye kanda. Tulifanya mazoezi wiki tano. Siku yenyewe beti mbili zikaenda vizuri, wazazi wanapiga makofi. Kufika kiitikio cha mwisho, pale sauti zinapopanda, wavulana wangu kumi na mmoja wakanyamaza. Maneno walikuwa wanayajua. Sauti ndiyo haikutoka. Mmoja, mtoto aliyependa kuimba kuliko wote, nilimkuta baadaye nyuma ya darasa ameinamia magoti yake, hataki kupigwa picha na wenzake.

Mwaka huu nina darasa jingine na sitaki yawakute hayo. Naomba mliowahi kuchagua nyimbo, au mliowahi kuimba siku yenu, mniambie ilikuwaje.

Mwalimu wa kwaya, Mbeya

Pole sana mwalimu mwenzangu. Hilo la wavulana kunyamaza limenikuta mara mbili, darasa la saba na kidato cha pili, kabla sijapata akili ya kuanza na watoto ndipo nije kwenye wimbo.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Kabla sijataja jina la wimbo wowote, natenga siku moja ya kupima sauti. Mtoto mmoja mmoja anaingia, anaimba do re mi fa so akipanda, halafu anashuka mpaka pale koo linapokataa. Naandika kwenye daftari nota yake ya chini na ya juu. Wasichana hawasumbui sana. Ila wavulana wa umri huo, jamani! Mwaka mmoja niliwapima kumi na wanane, na wengi wao walikuwa na nota sita tu za uhakika: kuanzia so ya chini mpaka mi, Do ikiwa C ya kinanda. Nje ya hapo sauti inapasuka au inapotea kabisa. Na mwezi unaofuata unakuta imehama tena.

Nikishapata hizo nota ndipo nafungua nyimbo zangu za sol-fa, zilizoandikwa kwa do re mi. Kila wimbo nazungushia kalamu nyekundu nota ya juu kabisa ya kila sauti, nalinganisha na daftari. Wimbo mzuri usiotoshea naushusha ki. Ukishindikana kushuka, naurudisha kabatini hata kama naupenda. Nimerudisha nyimbo nilizozitunga mwenyewe.

Na jambo jingine: usiwagawe wavulana wa miaka 14 katika teno (sauti ya juu ya wanaume) na besi (ya chini kabisa) kwa kuwa tu daftari la nyimbo limeandikwa sauti nne. Besi ya mtoto huyo ni koo linalojilazimisha. Wote waweke pamoja, sauti moja, uwaandikie mstari wao wenye nota chache wanazozimudu, hata kama ni nne. Wakijua hapa ni pao, wanaimba kwa kifua.

Angalia pia ratiba. Mgeni rasmi akichelewa saa mbili, watoto wamekaa chini ya turubai, wana njaa, makoo yamekauka. Wimbo mgumu uwe wa kwanza, wakati wanaingia.

Mama Saitama

Nawasalimu kutoka Japani. Mwanangu alimaliza shule ya kati mwezi Machi. Huku shule ya kati ni miaka mitatu, wanatoka na miaka 15, kwa hiyo ni rika la watoto wa mwalimu wa Kilifi kabisa.

Niliposoma ushauri wa mwalimu wa Mbeya nilishangaa, maana ndivyo ilivyo kwenye nyimbo nyingi za shule za kati za huku: sauti tatu. Soprano (wasichana wa sauti ya juu), alto (wa sauti ya chini), na wavulana wote mstari mmoja. Mwanangu sauti yake ilikuwa imebadilika kuwa nzito tangu mwaka wa pili na hakuna siku alirudi nyumbani akisema ameaibika.

Ila ninachotaka kuwasimulia ni habari ya wimbo wenyewe waliouimba. Unaitwa Tabidachi no Hi ni, yaani siku ya kuanza safari. Ulizaliwa mwaka 1991 Chichibu, mji wa milimani ndani ya jimbo hili hili la Saitama, katika shule ya kati ya kawaida. Mwalimu mkuu, Kojima Noboru, aliandika maneno, mwalimu wa muziki wa shuleni pale akautungia muziki, kisha walimu wakawaimbia wahitimu wao kama zawadi. Walikusudia uimbwe mara moja tu, basi. Mwalimu mkuu mwenyewe alistaafu msimu uleule. Wimbo ukatoka pale ukaenda shule ya jirani, na nyingine, na leo unaimbwa nchi nzima.

Kabla ya hapo kwa miaka mingi shule zilitegemea wimbo wa mwaka 1884 wa kumshukuru mwalimu, ambao mnamo 2011 iligundulika kwamba muziki wake ulikuwa umechapishwa Marekani mwaka 1871. Wazee wa huku bado wanatoa machozi wakiusikia. Ila vijana wameupenda zaidi huu ulioandikwa na walimu waliokuwa wanawatazama watoto wenyewe machoni.

Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa tano, kuna baridi, na Kijapani changu si cha kusifika. Nilielewa kila neno.

Mzee wa Ukerewe

Wanangu, nimefurahi kuona jina la shule ya kati linatajwa. Mimi nilimaliza darasa la nane katika shule ya kati mwaka 1962, Tanganyika ikiwa na mwaka mmoja hivi tu wa uhuru. Wakati huo hapakuwa na mahafali ya keki na majoho. Tuliimba nyimbo mbili mbele ya wazazi, tukapeana mikono, tukaondoka. Wimbo mmoja mwalimu wetu aliutengeneza kwa mwendo wa makasia, kwa sababu wengi wetu tulikuwa tunarudi makwetu kwa mtumbwi. Kiitikio nakijua mpaka leo. Wa pili nimeusahau.

Binti wa Tanga

Shikamoo mzee wetu.

Mimi nilimaliza kidato cha nne shule ya kutwa, sitaitaja. Nyimbo zote nne za mahafali yetu zilitoka vitabu vya kanisani. Darasani tulikuwa karibu nusu kwa nusu. Sisi wasichana wa Kiislamu tulisimama mbele, safu ya kwanza, kwa kuwa tulikuwa wafupi, tukawa tunachezesha midomo. Hakuna aliyetukusudia ubaya, ninaamini hivyo. Mwalimu wa kwaya alichukua alichokuwa nacho. Lakini mama yangu aliniuliza njiani, "Mbona sikuisikia sauti yako?" Sikuwa na jibu.

Wadogo zetu waliotufuata walipata bahati. Mwalimu wa Kiswahili aliwapa kazi ya kutunga utenzi wa kuaga, darasa zima, kila kundi ubeti mmoja. Mizani nane kila kipande, vipande vinne, na kipande cha mwisho kikishika kina kimoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wimbo wa namna hiyo ni rahisi kuutilia sauti kwa sababu kila kipande kina urefu uleule, na kile kina cha mwisho ndicho watu wanakingoja. Walitia ngoma moja na matari. Waliimba wote, Wakristo na Waislamu, na walizitaja njia za mtaani kwao, jina la mpishi wa shule, na bomba la maji lililokuwa likigombaniwa. Nilikwenda kumtazama mdogo wangu. Niliona wivu, nasema kweli.

Msoma risala wa zamani

Langu ni fupi. Wimbo wa huzuni msiuweke kabla ya risala. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma. Wenzangu walimaliza kuimba, nikapanda jukwaani koo limeshajaa, na ukurasa wenye maombi yetu kwa mgeni rasmi, maktaba na matundu ya vyoo, niliusoma kwa kwikwi hakuna aliyesikia kitu. Wimbo wa kuliza uwe wa mwisho kabisa, watu wakishamaliza shughuli.

Mwalimu wa Kilifi

Nawashukuru nyote. Shikamoo mzee.

Leo mchana nimepima sauti kama nilivyoelekezwa na mwalimu wa Mbeya. Wavulana kumi na wanne. Tisa wana nota sita, wawili wana tano, watatu bado wanaimba na wasichana na sitawahamisha. Nimeamua sauti tatu. Nyimbo mbili: mmoja wa kuingilia, wenye ngoma, na wa mwisho utakuwa utenzi wa watoto wenyewe. Nimeshagawa makundi, na kundi la kwanza limeniletea ubeti wenye mwembe ndani yake. Binti wa Tanga, nitakuomba unitazamie vina.

Mwalimu wa Mbeya, swali moja la mwisho. Wimbo wa kuingilia Do yake ni A, na nota ya juu ya wavulana ni so. Niushushe mpaka wapi?

Mwalimu wa kwaya, Mbeya

Kwa Do ya A, hiyo so yao ni E, ndio ukingo wao kabisa. Shusha mpaka G, wapate nafasi ya kupumua. Wasichana wakiona iko chini sana, upandishe nusu hatua tu, usizidi hapo. Na wapime tena wiki mbili kabla ya siku yenyewe, hasa hao watatu.