Mrejesho: Tumerudi kutoka Jamestown na Williamsburg

Ndugu zangu, niliuliza kama jimbo la Virginia, Marekani, linafaa kwa watoto wa miaka 7 na 11 kuona maisha ya enzi za ukoloni wa Mwingereza. Tumerudi, asanteni sana. Mliosema tuanzie Jamestown, iliyoanzishwa 1607, mlinishauri vyema: watoto walipanda meli zilizoundwa kwa mfano wa zile tatu za kwanza zilizoleta walowezi Waingereza hapo, wakashangaa udogo wa Discovery, iliyo ndogo kuliko zote. Huko Williamsburg, mji wa enzi za ukoloni uliohifadhiwa, mhunzi alifua chuma mbele yetu. Mdogo hakutaka kuondoka.

Kilichonigusa zaidi ni habari za Waafrika walioletwa Virginia 1619 kutoka Angola. Binti yangu aliposikia kwamba Kimbundu cha huko ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili chetu, alikaa kimya hadi tulipofika kwenye gari.

Yorktown, mji wa jirani, tulipita tu, jua lilikuwa kali.