Mrejesho: uduvi wekundu waliokuwa wakifa kila nikibadili maji

Wakuu, niliuliza kwa nini uduvi wangu aina ya Neocaridina (uduvi wadogo wa kufugwa kwenye tangi la kioo) hufa baada ya kubadilishiwa maji, wakiwa na mstari mweupe uliozunguka mwili nyuma ya kichwa. Mlionielekeza kwenye ugumu wa maji, asanteni sana. Maji ya mvua ninayotumia yalisoma GH 2 (GH ni kipimo cha ugumu wa maji, yaani wingi wa kalsiamu na magnesiamu). Hayo hayana kalsiamu ya kutosha, na ukibadili mengi kwa mkupuo uduvi hulazimika kujivua gamba kabla ya wakati, wanakwama humo humo. Nimepandisha taratibu kwa chumvi ya madini hadi GH 7. Nabadili asilimia 10 kwa wiki, yakidondoka tone kwa tone kupitia mrija mwembamba wa pampu ya hewa uliofungwa fundo. Sasa magamba matupu yanaonekana mchangani, na jike mmoja kabeba mayai ya manjano chini ya mkia.