Mjadala: "Shujaa Okonkwo" ni jina sahihi kwa kitabu cha Achebe?

Mzee wa Umoja
Juzi nimenunua nakala kuukuu ya Shujaa Okonkwo kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, Mtaa wa Tom Mboya. Jalada limechakaa na panya wameonja kona. Ni tafsiri ya Clement Ndulute iliyochapishwa hapa hapa Nairobi mwaka 1973. Kiswahili chake sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu uko na jalada.

Chinua Achebe wa Nigeria mwaka 1958 aliiita riwaya yake Things Fall Apart. Maneno hayo aliyatoa kwenye shairi ambalo W. B. Yeats wa Ireland aliliandika mwaka 1919, kuhusu dunia ambayo kitovu chake kimeshindwa kuishika. Hapo hakuna jina la mtu. Kinachoporomoka ni Umuofia nzima, jamii ya Waigbo anakoishi Okonkwo: ibada, baraza la wazee, undugu wenyewe. Mtafsiri akaja akamsimamisha mtu mmoja, Okonkwo, mlangoni, na ushujaa akamvisha juu. Mnasemaje?

Mwalimu wa Kayole
Ndugu, usiwe mwepesi wa kuhukumu. Waswahili walimtungia Fumo Liyongo utendi ukaitwa kwa jina lake, na hakuna aliyelalamika kwamba Pate imesahauliwa. Mfalme yumo, hila zimo, mji mzima umo.

Halafu tazama. Liyongo aliuawa na mwanawe wa kumzaa, kwa kuchomwa shaba kitovuni. Okonkwo naye, mwanawe Nwoye ndiye anayemtoka na kwenda kwa wamishenari. Msomaji aliyelelewa na hadithi ya Liyongo akiona "Shujaa" kwenye jalada, tayari anajua pigo litatokea ndani ya nyumba. Yeats alizungumzia kitovu cha dunia, sisi tuna kitovu cha Liyongo. Na katika masimulizi yetu shujaa hahitaji kuwa mtu mwema.

Msomaji wa South B
Mwalimu, kwa heshima, hapo sikubali. Labda katika tenzi. Huku mtaani tarehe 20 Oktoba tunafunga kazi kwa ajili ya mashujaa, na hata timu ya raga ya wachezaji saba tumeiita Shujaa (nayo ina siku zake, tuache hayo). Mtoto wa sekondari akikiona hicho kitabu ataanza kumshangilia mtu kabla ya kumjua.

Na mtu mwenyewe ni nani? Alimpiga mkewe katikati ya Wiki ya Amani. Alimkata panga Ikemefuna, mtoto aliyekuwa akimwita baba, ilhali mzee Ezeudu alimwonya asitie mkono wake katika kifo hicho. Aliutia kwa sababu aliogopa kuonekana dhaifu. Ushujaa wa kuogopa kuitwa mwoga ni ushujaa gani?

Mkutubi
Mnasahau kwamba ndani ya riwaya mna kitabu kingine chenye jina. Rudini ukurasa wa mwisho. Okonkwo ananing'inia mtini, na bwana DC, yule mkuu wa wilaya wa kikoloni, anaondoka zake akiwaza kitabu anachotaka kuandika kuhusu kuyatuliza makabila ya kishenzi ya Niger ya Chini. Jina amekwisha kulichagua, tena baada ya kufikiri sana! Anapiga hesabu: huyu mtu aliyejinyonga apewe sura nzima? Hapana, aya moja inatosha.

Sasa pimeni. Mkoloni alimpa Okonkwo aya. Ndulute alimpa jalada zima. Kama alikusudia au hakukusudia sijui, lakini mimi kila nikiliona jina hilo rafuni naona DC amejibiwa.

Mzee wa Umoja
Mkutubi, hapo umenibana. Hilo la DC sikuliwaza, nami nimekisoma kitabu mara tatu.

Ila bado naona tumepoteza kitu. Kusema kweli tafsiri ya moja kwa moja ingekuwa balaa. "Mambo Yameharibika" ni kichwa cha habari ya mgomo wa matatu. "Yameharibika" inamaanisha yamekwisha kutokea, "yanaharibika" ndiyo kwanza yanaanza, "huharibika" ni kawaida ya dunia. Kiingereza cha Yeats hakimlazimishi mtu kuchagua, Kiswahili kinakulazimisha. "Mambo Yaenda Mrama" ina ladha ya chombo baharini, lakini Umuofia haiko baharini.

Mimi ningekiita Tumesambaratika. Obierika, rafiki yake Okonkwo, anapoeleza alichofanya mzungu hasemi mambo. Anasema mzungu ametia kisu kwenye vilivyotushikanisha, na sisi ndio tuliosambaratika. Ile "tu" ndiyo kitabu chenyewe.

Msomaji wa South B
Tumesambaratika. Hiyo naichukua.

Mwalimu wa Kayole
Na Okonkwo yumo katika hiyo "tu"? Aliyejinyonga, ukoo ukakatazwa na mila hata kumgusa, wakaombwa wageni waje wamshushe na kumzika?