Nina siku moja Tanga: nani ameingia mapango ya Amboni?

DerevaWaMbale
Ndugu zangu, salaam. Jumatatu nateremka tena Tanga na mzigo, njia ya Mutukula. Safari iliyopita nilikaa siku tatu nikingoja kushusha, kazi yangu ikawa kulala chini ya trela na kuhesabu mbuzi wanaopita. Safari hii nataka kwenda Amboni. Mapango si mageni kwangu, mimi mtu wa mlima Elgon: utotoni tulikuwa tukiingiza ng'ombe pangoni walambe chumvi ukutani. Ila mke wangu ni muuguzi, nikitaja popo yeye anataja Marburg, ule ugonjwa wa virusi unaoua. Ni mbali na mjini? Na ni kweli kuna njia ya chini kwa chini inayotokea Mombasa?

TandiboiMstaafu
Ssebo, nimeingia mara mbili. Toka mjini ni kama kilomita 8, unashika barabara ya Horohoro. Chukua bajaji, mpatane kabisa kwenda na kurudi, maana ukitoka pangoni umelowa jasho huna nguvu ya kubishana bei.

Usifikirie mapango ya kwenu. Yale ya Elgon ni ya mlima wa moto, haya ni mawe ya chokaa, maji yameyala pole pole tangu enzi ambazo hata akili haishiki. Darini mawe yananing'inia kama chuchu za ng'ombe, yanadondosha maji. Kiongozi atakumulikia: hili mamba, hili sofa, hili meli. Mamba nilimwona. Meli nilikubali kwa heshima tu.

Kuna kipenyo kimoja lazima utambae. Mimi na hili tumbo la matooke nikakwama kiunoni, nyuma yangu watoto wa shule wanacheka, mbele kiongozi ananiambia "toa pumzi, mzee". Nikatoa pumzi. Nikapita, kifungo cha suruali kikabaki.

Hiyo ya Mombasa utaambiwa humo humo, na nyingine ya mbwa aliyepotelea ndani akatokea Kilimanjaro. Mwaka 1994 wataalamu walipima, pango refu kuliko yote halikuzidi mita 900. Mombasa panda basi. Ila ile hadithi ya Osale Otango, mwasi wa enzi za ukoloni, kujificha humo akiwakimbia Waingereza msikilize kiongozi vizuri, anaisimulia kama alikuwepo.

Utakuta pia mahali watu wanatambika, wameacha sadaka zao. Usiguse, usicheke.

DadaIshaka
Shemeji yetu hajakosea. Nyie mnacheka, sisi wa huku magharibi mwa Uganda tunakumbuka 2007, wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, na 2008, yule mgeni wa Uholanzi aliyeingia Python Cave, pango la popo pale msitu wa Maramagambo, akaenda kufia kwao. Marburg zote mbili. Sasa pale wageni wanawaangalia popo kwa mbali, wakiwa kwenye chumba cha vioo. Anayebeba virusi vile ni popo wa matunda anayelala mapangoni. Sijasikia ugonjwa huo umetoka Amboni, lakini popo wapo wengi, na ukitambaa unashika kinyesi chao. Vaa mikono mirefu, barakoa, usijishike uso, kidonda kifunge. Maji na sabuni acha kwenye bajaji, unawe kabla hujala kitu.

TandiboiMstaafu
Dada kasema. Mimi nilitoka nikanunua machungwa nikamenya hapo hapo. Mungu ni mkubwa.

Na viatu vya kufunga kamba, si sapatu. Tochi yako mwenyewe, ya simu usiitegemee: yangu ilizima nikiwa bado kiunoni.

DerevaWaMbale
Asanteni. Barakoa mke wangu ameshanipakia boksi zima, alikuwa anasoma nyuma ya bega langu. Tumbo langu si dogo vilevile. Mzee, hakuna njia ya kuzunguka hicho kipenyo?

TandiboiMstaafu
Ipo. Unarudi ulikotoka, unamsubiri mwenzio nje na mwenye bajaji.