Baba asiyetoa matunzo: tumzuie asimwone mtoto? Tujadili

Habari zenu jamani. Nina binti wa miaka tisa. Baba yake tuliachana akiwa na miaka minne. Tulikaa kikao cha wazee, akakubali kutoa laki na nusu kila mwezi. Mwanzoni hela ilikuwa inaingia tarehe mbili, tena na ya kutolea. Baadaye ikawa elfu themanini, ikawa hamsini, ikawa "nivumilie kidogo", mwisho simu haipokelewi.

Nikafanya kile ambacho akina mama wengi tunafanya. Nikamwambia, kama hutoi, mtoto humwoni. Miezi minane. Akija Jumamosi namwambia mtoto yuko kwa bibi yake. Siku moja tunarudi kutoka soko la Tandika, binti kabeba mfuko wa nyanya, akaniuliza, "Mama, baba anadaiwa shilingi ngapi?" Nikamuuliza anataka kujua ya nini. Akasema, "Nijue nitaenda lini."

Nilikosa jibu. Mtoto wa darasa la pili alikuwa ameshaelewa kwamba nimemweka rehani.

Ndiyo maana nasema hivi: kutunzwa na kuwa na wazazi wote wawili ni haki mbili za mtoto, na kila moja isimame kwa miguu yake. Asiyetoa hela abanwe mpaka atoe, lakini mtoto asifungiwe ndani kwa deni ambalo si lake. Na baba aliyenyimwa kumwona mtoto naye asikate matunzo kwa hasira, kwa sababu anayelala njaa siyo mimi aliyenikasirikia.

Sheria zetu za Tanzania zenyewe zinavutana. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 129, inamtwisha baba matunzo ya watoto. Mama anaingia pale baba amefariki, hajulikani alipo au hana uwezo. Kifungu cha 125 kinaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Soma viwili hivyo pamoja uone familia iliyokuwa kichwani mwa waliotunga: mama analea, baba analeta. Ikaja Sheria ya Mtoto ya 2009, inayozungumzia wajibu wa mzazi bila kumchagua baba au mama, na inayoitaka mahakama ipime kipato na mali za wote wawili pamoja na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Sheria hiyo ndiyo iliyotuondolea aibu ya zamani, ambapo baba aliyezaa nje ya ndoa hakuweza kuamriwa kutoa zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia moja, mpaka 2009! Hata soda hununui.

Kwenye maandishi, basi, tumepiga hatua. Tunakwama kwenye utekelezaji. Mahakama inaweza kuagiza mshahara wa mzazi ukatwe, lakini mshahara upi? Mzazi mwenzangu anauza vipuri vya pikipiki. Hana mwajiri wala hati ya mshahara, na leo yuko Mbagala, kesho kahamia Kahama. Wengi tunaanzia Ustawi wa Jamii, mnaitwa wote wawili, mnaandikishana kiasi, mnasaini. Akiamua kuyakalia makubaliano, unaanza upya: nauli, kuomba ruhusa kazini, kusubiri. Aprili 2018, Paul Makonda akiwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, aliwaita akina mama waliotelekezewa watoto waende ofisini kwake. Mliona umati ule, watoto mgongoni, jua la asubuhi mpaka jioni. Mengine ya zoezi lile tuyaache. Mimi naona umati ule ulikuwa jibu tosha kwa anayesema njia za kawaida zinawafikia watu.

Ningependa amri ya matunzo itaje kiasi, tarehe na namba ya simu ya kupokelea, ili muamala wenyewe uwe ushahidi. Miezi miwili ikipita bila kitu, hakimu amwite mzazi kwenye jalada lilelile, tusifungue kesi nyingine. Na biashara ikiyumba kweli, mzazi aseme mapema na kiasi kipunguzwe kwa muda. Elfu arobaini inayofika ni bora kuliko laki na nusu ya kwenye karatasi.

Kuhusu malezi ya pamoja, sidai siku zigawanywe nusu kwa nusu. Baada ya lile swali la nyanya nilimrudishia baba yake wikiendi, moja kwake moja kwangu. Msidhani hela ilirudi palepale. Mwezi wa tatu tangu hapo ndipo ilipoingia elfu sitini. Ila tulianzisha daftari la kaunta linalokaa kwenye begi la mtoto. Naandika: "Dawa ya kikohozi kijiko kimoja, asubuhi na jioni." Yeye anaandika: "Kiatu cha kushoto kimeachia soli, nimeshona." Tunaongea kwa daftari mambo ambayo tukiyaongea kwa mdomo tunagombana.

Karibuni. Semeni mnavyoona.

*

Mchangiaji wa kwanza (Mwanza)

Dada, nakushukuru, maana huwa tunasikia upande mmoja tu. Mimi nalipa. Sijaruka mwezi hata mmoja tangu mwanangu aanze chekechea, na kumwona ni kwa simu ya video tu, dakika tano, mama yake akiwa pembeni anaamrisha aseme nini. Nikiuliza hela inatumikaje naambiwa namsumbua. Kwangu mimi amri yoyote ya matunzo iambatane na risiti. Nioneshwe ada, nioneshwe sare. Nimechoka kuwa mashine ya kutolea fedha.

*

Mchangiaji wa pili (Arusha)

Mada nzuri, lakini mimi inanitia hofu. Niliondoka kwenye ile nyumba usiku nikiwa na mtoto mgongoni na jino limevunjika. Mwanaume aliyenipiga miaka sita leo anataka "malezi ya pamoja" ili apate sababu ya kujua ninapoishi. Mnapotaka sheria ianze na dhana kwamba mtoto lazima akae na wote, nani ataniamini mimi nisiye na fomu ya polisi wala cheti cha daktari?

Jamani, tuangalie waliotutangulia. Australia mwaka 2006 waliweka dhana kwamba wazazi wana wajibu sawa, na watu wengi wakaielewa kuwa ni haki ya siku sawa. Wazazi waliokimbia vipigo wakajikuta wanakubali mipango ya hatari kwa kudhani hawana pa kupingia. Dhana ile imefutwa, na mabadiliko yameanza kutumika Mei 2024. Sasa mahakama inaanza na usalama na maslahi ya mtoto. Tusinunue kanzu ambayo mwenzetu ameshaivua kwa sababu inambana.

*

Mchangiaji wa tatu (Mombasa)

Huku Kenya Katiba ya 2010, ibara ya 53, inampa mtoto haki ya malezi ya mama na baba kwa wajibu sawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo imefuata njia hiyo. Hata hivyo, ukienda mahakamani mara nyingi utasikia wazazi wote wana mamlaka juu ya mtoto, lakini mtoto akae na mama, baba apewe siku. Wajibu sawa haukuleta masaa sawa, na mimi sioni ubaya.

Kwetu sisi Waislamu jambo hili lina mizizi yake. Hadhana, yaani haki ya kukaa na mtoto na kumlea, ni ya mama mtoto akiwa mdogo, na matumizi ya mtoto yako juu ya baba hata kama hawaishi pamoja. Huyu asiseme "nipe mtoto ndipo nitoe", na yule asiseme "toa ndipo umwone". Bibi yangu akiwaambia wanawe, mtoto si dhamana ya deni la mtu.

*

Mwanzisha mada

Nimewasoma wote. Dada wa Arusha, pole sana, na umenisahihisha. Niliandika kama mwanamke ambaye hakuwahi kupigwa. Penye kipigo, wikiendi zisimame kwanza. Kuonana kuwe mbele ya mtu wa tatu au kusiwepo kabisa, na anwani yako isitajwe kwenye jalada analoweza kulisoma yeye. Fomu ya polisi isiwe ndiyo ushahidi pekee; jirani aliyekufungulia mlango usiku ule naye asikilizwe. Ila matunzo ayatoe hivyo hivyo, kupitia simu, bila kukujua uliko. Hapo ndipo faida ya kutenganisha matunzo na kuonana inapoonekana zaidi, maana hatakuwa na cha kukudai kwa hela yake.

Kaka wa Mwanza, dakika tano za kusimamiwa hazitoshi mtoto kumjua baba yake, hilo nakuunga mkono moja kwa moja. Risiti ya ada na ya hospitali ni haki yako. Lakini kuna maji, mkaa, nauli ya daladala, na usiku ambao mama yake ameamka mara nne kwa homa, na hayo hayana risiti. Ile sheria ya 2009 inaposema kipato cha wote wawili kipimwe, mimi ningeomba na hiyo kazi ya usiku ipimwe, kwa sababu ndiyo inayomfanya mmoja wenu aweze kulala na kuwahi kazini.

Kesho ni Jumamosi ya kwa baba yake. Begi limeshafungwa. Nimemwandikia kwenye daftari kwamba jino la upande wa kulia linatikisika, asimpe muwa.