Injini inagonga alfajiri ya baridi kisha inanyamaza: je, niiruhusu ishushwe?

Mwuliza swali

Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijampa fundi ruhusa ya kushusha injini. Mimi ni mwalimu, na mwezi Mei nilihamishiwa Njombe kutoka Dar es Salaam. Nilikuja na gari langu dogo la petroli, lenye injini ya silinda nne inayotumia cheni ya taimingi (ile inayoendesha valvu zifunguke kwa wakati wake), ambalo limeshatembea kilomita 168,000. Tangu Juni ilipoingia, kila alfajiri ninapowasha, hutoka upande wa juu wa injini mlio mkavu wa kugongagonga, mfano wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, kisha hunyamaza. Nikiwasha taa na feni ya kioo, husikika mlio mwingine mwembamba wa kulia. Jioni, injini ikiwa na moto, sisikii lolote. Fundi mmoja aliusikiliza kwenye simu, akasema beringi za kranki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, zimekwisha, na gharama aliyonitajia inazidi mshahara wangu wa miezi miwili.

Jibu kutoka kwa fundi, Mafinga

Mwalimu, pole sana. Usiruhusu injini ishushwe kwa kusikilizwa kwenye simu tu. Beringi za kranki zilizolika hutoa mlio mzito unaotoka chini, huongezeka ukikanyaga mafuta, na mara nyingi huzidi injini ikipata moto, kwa sababu oili hulainika na shinikizo lake hushuka. Wako uko juu, na unaondoka wenyewe.

Ninachotaka kujua kwanza ni sekunde ngapi unadumu, nawe usikadirie, bali hesabu kwa saa. Ukiwa wa sekunde chache tu, basi huenda oili inachelewa kupanda, na tenshena (kifaa kinachoikaza cheni), ambayo husukumwa na shinikizo la oili hiyohiyo, inakuwa bado imelegea na kuiacha cheni ipige. Ukidumu dakika kadhaa ndipo ufifie, nitaifikiria pistoni, maana pistoni ya aluminiamu husinyaa kwa baridi kuliko silinda ya chuma inayoizunguka, au gasketi ya ekzosi inayovujisha moshi mpaka chuma kitanuke na kuuziba upenyo. Tuambie pia oili yako ni ya namba gani, na taa nyekundu ya oili huzimika lini. Taa hiyo ikiwaka ukiwa barabarani, simama pembeni na uzime injini mara moja.

Mwuliza swali

Asante, fundi. Nimehesabu asubuhi tatu: sekunde nne, nne, na tatu. Taa huzimika karibu wakati uleule mlio unapokoma. Oili ni 20W-50, niliyowekewa Dar mwezi Machi, ingawa kitabu cha gari kinaelekeza 5W-30. Nilipochomoa kijiti cha kupimia, kiasi kilikuwa sawa, lakini tone la oili lilining'inia kwenye ncha muda mrefu bila kudondoka, jambo ambalo sikuwahi kuliona Dar.

Jibu kutoka kwa mchangiaji, Iringa

Dada, weka ile dawa ya kuongeza uzito wa oili. Mimi niliweka, na mlio ukapotea.

Fundi, Mafinga

Ndugu yangu, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe. Uzito ndio unaoichelewesha oili ya Mwalimu, nasi tukiuongeza tutaiacha cheni ikavu kwa muda mrefu zaidi kila alfajiri. Namba inayotangulia herufi W huonyesha jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi, na kadiri ilivyo ndogo, ndivyo oili inavyopanda upesi. Mwalimu, rudi kwenye 5W-30 ya kitabu, na ununue filta nzuri, kwa maana ndani yake mna mpira unaozuia oili isishuke yote usiku, na mpira huo ukikakamaa hauzibi tena. Mlio ukibaki, cheni na tenshena vikaguliwe bila kuchelewa, kwani cheni iliyorefuka ikiruka meno inaweza kupindisha valvu, na hapo gharama itakuwa kubwa kweli.

Ule mlio mwembamba naushuku mkanda wa oltaneta, mashine inayochaji betri. Alfajiri betri hudai chaji nyingi, na taa pamoja na feni huongeza mzigo. Injini ikiwa inanguruma, nyunyizia maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji, mikono na mtandio vikiwa mbali nao. Mlio ukizidi, mkanda umelegea. Ukinyamaza kwa muda, huenda puli, yale magurudumu yanayopitisha mkanda, hazijanyooka.

Mwuliza swali

Nimerudi kutoa taarifa. Jumamosi nilibadilisha oili na filta. Maji yaliuzidisha ule mlio mwembamba, na mkanda ulipofunguliwa tuliukuta una nyufa kila baada ya vidole viwili, hivyo nimefunga mpya. Leo ni asubuhi ya nne, kioo cha mbele kilikuwa na barafu nyembamba, na injini imegonga kwa muda usiofika sekunde moja. Fundi, je, hicho kilichobaki kinaweza kusubiri likizo?

Fundi, Mafinga

Hapana, Mwalimu. Mlete wiki hii mtu wa kufungua mfuniko wa valvu na kuutazama ulegevu wa cheni. Ni kazi ya asubuhi moja, na injini haishuki.