Miaka miwili ya kujifunza kupanda farasi, sasa nataka kununua wangu. Mnanishaurije?

Wakuu habari zenu. Nina miaka miwili najifunza kupanda farasi, mara moja kwa wiki, sasa hivi hata akipiga shoti siyumbi. Kuna mtu anauza dume lililohasiwa, lina miaka minne, zuri balaa na bei ni ya kutupa. Naona bora ninunue kuliko kulipia saa moja moja kila wiki kwa farasi ambaye nikishuka tu anapanda mwingine. Mwalimu nilipomwambia akacheka, akasema "haya" akaenda zake.

Mzee wa Zizi: Mwalimu kashakujibu ila hukumsikia hahaha. Mkuu, huyo wa miaka minne bado anajifunza na wewe bado unajifunza, nani atamfundisha mwenzie? Tafuta aliyekula chumvi, miaka 10 kwenda juu. Na siku ya kwenda kumwona mwambie muuzaji asimtandike kabla hujafika, uone anavyokamatwa na anavyovaa lijamu, maana wengine wanachoshwa asubuhi ili wewe ukute mpole. Hela isitoke kabla daktari wa mifugo wa kwako, sio wa muuzaji, hajamkagua miguu, macho na moyo.

Mama Kwato: Mdogo wangu, hapo shuleni ukifika unamkuta kashatandikwa eeh? Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilivyonunua wangu kwato nilikuwa nakagua juu juu tu, siku moja nikainua mguu wa nyuma nikachokonoa, likatoka tope jeusi linanuka uozo, kumbe kwato inaoza kwa sababu banda lina unyevu na mimi nipo tu nampiga brashi mgongoni ang'ae. Halafu wale wa shule wanapandwa kila siku, wamechoka ndo maana wapole. Wangu nilimjaza nafaka nikamfungia siku nne, ya tano nikapanda, sikukaa hata dakika mbili juu. Na kununua ndo gharama ndogo, farasi wa kilo 500 anamaliza kama kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, kupunguzwa kwato kila wiki sita hadi nane, bado meno na chanjo ya pepopunda. Umpande usimpande anakula.

Mtoa mada: Duh. Sasa si nimwachie tu malishoni, ale mwenyewe?

Kikuku: Na atakaa na nani? Farasi ni mnyama wa kundi, ukimweka peke yake atashinda anazunguka uzio analia. Nani atamwona usiku tumbo likimsokota? Hawezi kutapika huyu, ukiona anageuka geuka kuangalia ubavu, anachimba chini na chakula kakiacha, ni kumpigia daktari muda huohuo. Fanya hivi kaka, tafuta mwenye farasi anayekosa muda, mchangie gharama, umhudumie siku tatu kwa wiki, na mvua ikinyesha unaenda vilevile. Jipe mwaka.

Mtoa mada: Wakuu nimerudi. Leo nimewahi saa nzima kabla ya somo nikaomba nimtandike mwenyewe. Nimetumia dakika arobaini, kumbe wakati nafunga mkanda yeye kajaza tumbo upepo, nimekanyaga kikuku, kile chuma cha kuwekea mguu, nipande, tandiko likazunguka lote na mimi chini. Muuzaji nimemwambia asinisubiri. Huyo wa kuchangia gharama anapatikanaje?